Pumzi Kabla ya Hatua

Doha, Ijumaa, 8 Machi 2013

Shangazi yangu, Mwalimu Phyllis Nasimiyu,

Pokea salamu kabla hujaanza kutafuta makosa ya tahajia. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na shati la kazi bado linanitosha ingawa ulitabiri nitanenepa. Natumai wewe na mdogo wangu Carolyne hamjambo, na kwamba uchaguzi umepita hapo Kitale bila mtu kurushiwa jiwe. Huku, siku ya kura, chumba kizima tuliinamia simu moja, Wakenya kwa Waganda, mpaka jamaa wa Nepal anayelala kitanda cha juu akauliza nani amefariki. Na ng'ombe je, amezaa? Carolyne alikuwa akinieleza laini ikakatika.

Barua hii anaileta Kiprop, mwenzangu wa kambini. Anakwenda likizo Eldoret na ataipitisha kwa Carolyne chuoni. Najua sheria yako: simu ni ya msiba, barua ni ya watu wenye akili.

Sasa sikiliza jambo. Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Basi hututoa kambini Industrial Area, sisi tunakuita Sanaiya, na kutupeleka Mesaimeer kwenye makanisa. Mchungaji anataka kila kikundi kitoe kitu siku ya Pasaka. Waganda wana kwaya, Wafilipino wana magitaa. Sisi walinzi wa mji mpya wa Lusail tulikuwa tunatazamana tu. Ndipo nikawaambia mimi nimelelewa na mwalimu wa kughani mashairi, na kwamba tamasha za muziki za shule zilinifikisha Nairobi nikiwa na soksi za kuazima. Basi ninawafundisha lile la Kisima.

Ni lile lililo kwenye kitabu chako cha mashairi ya zamani ya Kiingereza, kile kilichopoteza jalada. Askari wamezingirwa ngomeni, maji yamekwisha, kisima kiko nje, chini ya mishale ya adui. Kapteni anauliza nani atakwenda. Kimya. Anauliza tena. Kimya. Bibi Bahati, yaani bahati yenyewe kwa umbo la mwanamke, amekaa juu ya ukuta anachezesha miguu, anangoja aone nani atasogea. Mara ya tatu kikosi kizima kinapiga hatua moja mbele, pamoja. Ubeti wa mwisho umenitoka kabisa. Nitumie.

Mwanafunzi wangu bora ni Gerishon Mwaura, mtu wa hapo Kiminini, mume wa Winfred yule fundi wa nguo. Kiingereza chake kinachechemea, lakini ana masikio ya sungura. Husimama kulia kwangu na hajawahi kuchelewa hata mara moja.

Na sasa siri. Joto linakuja. Sisi tunalinda malango ya viwanja vya ujenzi, na malango hayana kibanda, hayana kiti, hayana kivuli cha kumtosha hata kuku. Mchana wajenzi hupumzika, lango halipumziki. Mwaka jana Mganda mmoja, Arnold, alianguka kifudifudi na kirungu chake mkononi. Tumemwomba msimamizi kibanda, jibu lake ni khalas, habari imekwisha. Na mtu mmoja akipaza sauti, kesho yake yuko uwanja wa ndege. Basi nikawaambia wenzangu: tufanye kama Kisima. Meneja mwenyewe, mudir, akija kambini na kuuliza nani ana neno, hatutoi msemaji. Tunapiga hatua moja mbele, sote. Hawezi kurudisha kikosi kizima. Ishara nitatoa mimi.

Ulikuwa unatuambia ushujaa haufundishwi, unakaririwa mpaka mwili uuzoee. Nitakuandikia jinsi mwili ulivyozoea.

Mwanao,
Japheth


Kitale, 14 Aprili 2013

Japheth mwanangu,

Hatujambo, na makosa ya tahajia ni mawili tu, umejitahidi. Ng'ombe amezaa mtamba mweusi mwenye doa kwenye paji. Mvua imekuja kwa fujo, mahindi yameota, na Carolyne anafanya mitihani yake ya uuguzi kwa sura ya mtu anayeumwa jino. Jirani zangu wanauliza utaoa lini. Nimewaambia unaoa mchanga wa Uarabuni.

Ubeti wako nimeunakili nyuma ya karatasi hii. Uangalie vizuri, kwani watu wengi hukosea maana yake. Mshairi hasemi kama wale askari walirudi na maji. Anasema tu kwamba kisima kilisikia vishindo vyao, na Bibi Bahati akashuka ukutani. Alikwenda upande gani, hatuambiwi. Nilifundisha shairi hili miaka mingi na kila mwaka mtoto mmoja aliuliza, "Madam, walikunywa?" Nami nilijibu kwamba heshima ya askari iko kwenye hatua, si kwenye maji. Nilipenda sana kusikia sauti yangu ikisema hivyo.

Kuhusu ishara, usitumie mkono. Mkono huonekana na kila mtu, na waamuzi wa tamasha walikuwa wakitukata alama. Anza kwa pumzi kama nilivyokufundisha. Kiongozi huvuta pumzi, aliye karibu naye huisikia, na wa nyuma hufuata miguu ya wa mbele. Wewe tangu ukiwa mdogo ukivuta pumzi ya kuanza bega lako la kushoto hupanda kidogo. Nilijaribu kukuachisha nikashindwa. Lakini ujue jambo moja, mwanangu: pumzi ikishavutwa shairi limeanza. Halina kurudi.

Naogopa, sitakuficha. Ila naona fahari kuliko ninavyoogopa. Jumapili nilisimama mbele ya akina mama wa kanisa nikawaeleza mtoto niliyemlea anataka kufanya nini. Walikuombea mpaka wengine wakalia. Ndiyo, nilijisifu. Uzee una raha chache.

Niandikie upesi.

Shangazi yako,
Nasimiyu


Doha, 5 Julai 2013

Shangazi,

Salamu. Barua yako ilifika ndani ya Biblia ya mama mmoja wa Webuye, na ubeti umefika mzima. Ahsante. Nimefurahi kusikia habari za mtamba. Mpeni jina lolote ila langu.

Joto limekolea. Ukigusa komeo la lango bila glavu, ngozi inabaki pale. Lakini tumepata vibanda. Kila lango huko Lusail sasa lina kibanda cheupe chenye kiti, dirisha na feni, na maji huletwa asubuhi. Mimi nami nimepandishwa cheo. Ni msimamizi wa zamu, nazunguka na gari kukagua malango. Mwambie Carolyne shati langu limepata mistari begani.

Pasaka tulighani bila ubeti wa mwisho, na watu wakapiga makofi. Siku hizi kikundi kimelala kidogo kwa sababu ya zamu.

Mwaura amerudi nyumbani, mambo ya kampuni. Akipita hapo mpe chai.

Naomba usiwasimulie watu wa kanisa habari zangu. Huku ni kazi tu.

Japheth


Kitale, 25 Agosti 2013

Japheth,

Nakusalimu. Hapa sote wazima, Carolyne amefaulu, mahindi yamebeba. Barua yako niliisoma nimesimama, na chai haikupata hata nafasi ya kupoa. Umeniandikia habari za vibanda na cheo na feni. Habari za hatua hukuandika. Nilidhani labda ni unyenyekevu, nikakusifu tena moyoni.

Kisha Mwaura akaja.

Alikuja na Winfred, wameleta malenge kubwa kama wageni wa posa. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Nilimwuliza habari za safari, akajibu. Nikamwuliza habari zako, akatazama malenge.

"Madam, nimekuja kukuomba uniombee msamaha kwa Japheth," akasema.

"Umemkosea nini?"

"Niliwahi."

Nikamwambia anywe chai kwanza, halafu anieleze polepole. Alisema mudir alikuja kambini jioni mmepangwa mistari, mabasi yakiwa yanangoja. Akauliza kupitia kwa msimamizi nani analalamika kuhusu malango. Mkanyamaza. Akauliza tena.

"Hapo ndipo nikasikia Japheth amevuta pumzi," Mwaura akasema. "Mimi husimama kulia kwake, nikasikia kabisa. Nikaenda. Kutua mguu, niko peke yangu. Kumbe hakuwa ametoa ishara. Kama ningengoja tungeenda wote, madam. Mimi ndiye niliharibu."

Nikamwuliza alisema nini mbele ya huyo mkubwa. Alisema aliomba kivuli, kiti na maji. Akaulizwa wenzake ni nani, akajibu ni yeye tu. Kesho yake akapelekwa uwanja wa ndege.

"Sasa pale kwetu wanasema nilifukuzwa kwa wizi," akasema. "Hiyo si kitu. Kinachoniuma ni kwamba wale vijana walinitegemea nishike mstari, nikashindwa kungoja pumzi moja."

Winfred akaniambia kando, tukiwa jikoni, kwamba mumewe siku hizi haamui jambo. Akiulizwa wapande mbegu gani, anasema muulizeni mwingine, mimi hukosea. Kanisani walimtaka aongoze nyimbo akakataa. Hata mtoto akilia chumba cha pili humwuliza mkewe, "Umesikia ama ni mimi?"

Nilirudi sebuleni nikamwuliza swali moja. "Japheth alipovuta pumzi, bega lake la kushoto lilipanda?"

Mwaura akafikiri. "Lilipanda kidogo, ndiyo," akasema. "Hiyo ndiyo ilinidanganya."

Nilimkatia ndizi za kubeba, nikawasindikiza mpaka barabarani.

Sasa nakuuliza wewe. Ulivuta pumzi au hukuvuta? Nataka neno moja tu.

Shangazi yako


Kitale, 3 Novemba 2013

Japheth,

Salamu. Nimepokea shali ya rangi ya zabibu kwa mkono wa Kiprop. Ni nzuri. Nimetafuta barua ndani yake, nimeikung'uta, hata kwenye mfuko wa karatasi nimeangalia. Shali nimeiweka kabatini, sitaivaa kwanza.

Tumevuna. Mtamba tumemwita Malkia. Mwaura alikuja kunisaidia kupukuchua mahindi, na kila gunia lilipojaa aliniuliza kama limejaa.

Kwa kuwa wewe hutaki kusema, nitasema mimi. Nimekitoa kile kitabu kisicho na jalada nikakisoma upya, shairi baada ya shairi: wale wa farasi, wale wa meli, wale wanaokufa wakitabasamu. Nimeona jambo ambalo sikuliona nilipokuwa na chaki mkononi. Katika mashairi yale yote hakuna hata ubeti mmoja wa mtu aliyebaki mstarini. Anayekwenda anapata jina na jiwe la kaburi. Aliyebaki anarudi nyumbani, anakula, anaoa, anapanda cheo, na mshairi hamwoni. Basi mtoto akikua na mashairi hayo tu, siku akijikuta kwenye mstari wa waliobaki hana hata neno la kujisemea. Anatuma shali.

Na kuhusu Bahati, wale Waingereza walituambia kwamba yule bibi humpenda shujaa. Huyu wetu wa Lusail alishuka ukutani akampita aliyesogea, akaenda kumbusu aliyetulia, akampa mistari begani. Mimi niliwafundisha watoto kumtegemea bibi huyo. Naona aibu, Japheth. Naona aibu pia kwa sababu nilikufundisha kuvuta pumzi ya shujaa vizuri kabisa, bega na kila kitu, na waamuzi wakatupa kikombe. Kile kilichotakiwa kufuata sikukufundisha, maana jukwaani hakina alama. Na akina mama wa kanisa bado wananiuliza, "Yule shujaa wetu hajambo?" Nawajibu hajambo, halafu nashindwa kuendelea na sala.

Sikulaumu kwa kuogopa. Mtu kuogopa ni halali yake. Na mimi ningekuwa hapo, na kazi ile ndiyo inamsomesha Carolyne, labda miguu yangu ingeota mizizi. Lakini kuna mtu hapa Kiminini asiyeamini tena masikio yake mwenyewe, na dawa yake unayo wewe.

Neno moja.

Nasimiyu


Doha, Ijumaa, 13 Desemba 2013

Shangazi,

Nilivuta.

Nimeliandika hilo kwanza kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Sasa nakusalimu, wewe na Carolyne na hata Malkia. Mimi mwili ni mzima.

Nilivuta pumzi kama ulivyonifundisha, ya tumboni, ya kuanza. Haikuwa ya woga, nataka ujue hilo ingawa linazidi kunihukumu. Niliamua kabisa kwenda. Mudir aliuliza mara ya pili nami nikaona siwezi kungoja ya tatu, nikavuta, na bega lilipanda. Kisha mguu haukwenda. Sina maelezo mengine. Niliuangalia kiatu changu kama kiatu cha mtu mwingine. Wa nyuma walikuwa wakitazama miguu yangu, hawakuiona ikisogea, wakabaki. Mwaura hakuhitaji kutazama. Alisikia, akaamini, akaenda.

Bado hujafika kwenye aibu yenyewe. Mwaura aliposema ni yeye tu, mudir alinitazama mimi niliyekuwa karibu naye. Akauliza, "Na wewe? Huyu ni rafiki yako?" Hiyo ilikuwa mara ya tatu, Shangazi, kama kwenye shairi. Nikasema, "No sir, mimi sijui habari hiyo." Nilisema kwa Kiingereza chako kizuri. Nadhani ndicho kilichonipa cheo.

Na bado. Baadaye chumbani Mwaura alikuwa anafunga sanduku. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani. Akanisogelea akanishika bega, hili la kushoto, akasema, "Bro, nisamehe. Niliwahi, nikawaharibia." Mlango ulikuwa wazi. Ningesema neno moja tu. Nikamwambia, "Usijali, kaka, yamepita. Nimekusamehe."

Nilimsamehe, Shangazi. Mimi nilimsamehe yeye. Alifurahi hata akanipa kofia yake ya jua, akisema nitaihitaji zaidi yake. Siku chache baadaye magari yakaja na vibanda.

Tangu hapo sijakaa ndani ya kibanda. Nikikagua malango nasimama nje kwenye jua, na walinzi wanadhani ni ukali wa bosi mpya. Arnold aliniuliza kama ninaumwa. Nimekuwa nikidhani hayo ni malipo. Lakini barua yako ilipofika nikaona jua la Lusail halimsaidii chochote mtu wa Kiminini.

Kwa hiyo leo Mesaimeer, baada ya ibada, nilikiita kikundi chetu nyuma ya ukuta wa maegesho. Walidhani tunaanza mazoezi ya Krismasi, wakajipanga wenyewe, na nafasi ya kulia kwangu wakaiacha wazi kama kawaida. Nikawaambia. Nilisema yote, ya pumzi na ya mudir na ya chumbani. Sikughani, nilisema kama mtu anayetapika. Arnold alitema mate chini akaondoka. Jamaa wa Machakos akasema, "Sasa unatuambia ya nini na booth tumeshapata?" Mwingine akasema hata yeye alisikia ile pumzi, kwa mbali, na akajifanya hakusikia, akaanza kulia. Wengine walitazama simu zao. Hakuna aliyenipiga, nami nilitamani mmoja anipige.

Cheo changu sijui kama kitabaki. Kuna masikio mengi pale, na mtu mmoja akifikisha neno ofisini kwamba ule mpango ulikuwa wangu, mimi nami nitapelekwa uwanja wa ndege. Carolyne asiambiwe bado. Amebakisha mwaka.

Naomba umsomee Mwaura barua hii, yote, usiruke mahali. Winfred awepo. Na wale wa Kiminini wanaosema habari za wizi, kama kuna namna, wasomewe nao. Sina ujasiri wa kumwandikia yeye mwenyewe, nisingejua nimwite nani. Akina mama wa kanisa waambie utakavyoona. Waache kuniita lile jina.

Sikuombi uniambie kitu kizuri.

Japheth


Kitale, 12 Januari 2014

Japheth mwanangu,

Salamu za mwaka mpya. Hatujambo. Carolyne ameanza mazoezi hospitalini na anarudi nyumbani na hadithi za kutuondolea hamu ya kula. Hajui kitu bado.

Barua yako ilinifikia baada ya Krismasi. Nilifunga safari mpaka Kiminini. Winfred aliacha cherehani yake, Mwaura akaitwa kutoka shambani, na kaka yake mkubwa, yule ambaye neno la wizi lilianzia kinywani mwake, nikamwomba naye akae asikilize. Nilisoma kwa sauti ya darasani, kwa kuwa yangu ya kawaida isingevuka ukurasa wa kwanza. Sikuruka mahali.

Nilipofika pale ulipomsamehe, Winfred alisimama akatoka nje. Tukamsikia akigongagonga sufuria bila sababu. Kaka mtu aliinamisha kichwa. Mwaura hakusogea. Nilimaliza nikakunja karatasi.

Kisha Mwaura akasema, "Rudia pale mwanzo, madam."

Nikarudia. "Nilivuta."

"Rudia."

Nikarudia. Akafunika uso kwa mikono yote miwili, mikono yenye udongo, na aliposema ilikuwa kama anamwambia mtu mwingine asiyekuwepo pale. "Kwa hiyo nilisikia vizuri," akasema. "Nilisikia vizuri."

Alisema hivyo mara nyingi, Japheth, mpaka Winfred akarudi kutoka nje akamshika. Nimefundisha watoto kulia jukwaani kwa Kiingereza. Sikuwa nimewahi kuona mtu akilia kwa sababu masikio yake yamerudishwa.

Najua unangoja nikuambie kama amekusamehe. Hakusema, nami sikumwuliza, maana si juu yangu. Alipokuwa akinisindikiza nilimwuliza kama ana neno la kukutumia. Akasema, "Mwambie ule msamaha alionipa siku ile namrudishia. Haukuwa wangu. Akae nao, atauhitaji." Hakusema kwa hasira, wala hakutabasamu.

Akina mama wa kanisa nimewaambia mimi mwenyewe, nimesimama palepale nilipojisifu. Sikulala vizuri kabla yake na sikulala vizuri baada yake. Mmoja aliniuliza basi waombe nini sasa. Nikasema waombe kama kawaida, ila wabadilishe jina, waweke la Mwaura, na lako waliweke chini yake.

Mwisho, hilo la kusimama juani. Acha mara moja. Hakuna shairi linalokungoja huko nje, na mwili wako si wa kulipia kitu ambacho mwenyewe hajakudai. Yule mtu alipiga hatua ile ili walinzi wakae kivulini, na wewe ni mlinzi. Ingia kibandani, ukae kwenye kile kiti. Na akija mgeni mpya akiuliza kibanda hiki kilikujaje, mwambie kililetwa na Gerishon Mwaura wa Kiminini. Akikuuliza wewe ulikuwa wapi siku hiyo, mwambie ulikuwa kushoto kwake.

Leo kuna baridi ya asubuhi. Nimevaa shali.

Shangazi yako,
Nasimiyu